Dawa Waliyoiita Kufuli

Ukimtajia Nyibol kambi ya wakimbizi ya Kakuma ya miaka ya tisini, hakuanzii vumbi wala jua. Anakuanzia harufu ya mtama wa mgao ukichemka, na maandazi ya Céline, jirani yake Mkongo, aliyekaanga nje ya mlango na kugawa ya kwanza kwa watoto wa watu. Halafu ngoma za kanisa siku ya Jumapili, Wadinka wakiimba mpaka mabati yanatikisika. Hatukuwa na kitu, atakwambia, lakini tulikuwa na watu. Akifika ule mwaka uliofuata zile mvua kubwa, sauti yake hushuka, na akina mama wachanga wanaomsikiliza huacha kucheka.

Mwaka huo Mamer, mwanawe, ndiyo kwanza alikuwa anakaa bila kushikwa. Dada yake Aluel alizikwa kando ya njia walipokuwa wakitoka Sudan, na hakuuawa na risasi, aliuawa na kuhara. Kwa hiyo Mamer alipoamka asubuhi moja anaendesha maji matupu, Nyibol hakungoja hata kumfunga vizuri mgongoni. Alikwenda kliniki karibu mbio.

Nesi alimpa pakiti za ule unga wa chumvi na sukari, akamfundisha kuukoroga kwenye maji safi, ampe mtoto kijiko baada ya kijiko, na asiache kunyonyesha. Nyibol akauliza tumbo litafunga lini. Nesi alikuwa mkweli.

"Hii haifungi tumbo, mama. Inarudisha maji mwilini."

Neno hilo ndilo lililoharibu mambo. Kwa Kiarabu cha Juba walichoongea sokoni, tumbo la namna hiyo linakimbia, batna gi jere. Kwa Kiswahili cha Kenya linaendesha, kama lori. Sasa kitu kinachokimbia unakimwagia maji ya nini? Si unakikamata? Alimpa Mamer vijiko vichache, Mamer akaendesha tena, naye akaweka kikombe chini akaenda sokoni kwa Kon.

Kon alikuwa mtu wa kwao, mtu mzima, mwingi wa utani. Wakati wa vita aliwahi kubeba machela, basi watu wakamwita daktari, naye hakuwakatalia. Mezani pake, kati ya betri na sabuni, palikuwa na vidonge vya rangi mbili vya kuzuia kuhara, dawa ya watu wazima ambayo mtoto mdogo hapewi. Soko zima liliviita kufuli. Hakuwa mtu mbaya. Alimtania Mamer kwamba mwanamume hachafui nguo za mama yake, kisha akamweleza Nyibol.

"Fungua hii, mwaga unga wake kwa maziwa. Ikiingia tu, mlango umefungwa."

Na ulifungwa kweli. Kufikia jioni vitambaa vya mtoto vilikuwa vikavu. Nyibol alimsifu Kon kwa kila jirani aliyepita, na kabla ya kulala akampa Mamer tena, ili kufuli ishike vizuri.

Kesho yake Mamer hakuendesha. Hakulia pia, wala hakunyonya. Alilala macho nusu wazi, na Nyibol akajiambia kwamba amechoka, maskini, anapumzika. Céline alipoleta maandazi alimwinulia mtoto fulana, akaweka sahani chini. Tumbo lilikuwa limevimba, limekaza, linang'aa.

"Mama Mamer, hii tumbo iko ngoma. Umemupatia nini?"

"Kufuli."

Céline alimtazama. "Basi umefungia mwizi ndani ya nyumba."

Alimbeba mtoto yeye mwenyewe mpaka kliniki. Huko hawakumgombeza Nyibol. Waliita gari, mtoto akapelekwa hospitali ya Lodwar, na njia nzima Nyibol alikuwa akipeleka sikio kwenye mdomo wa mwanawe asikie kama bado pumzi ipo.

Hospitalini walimwekea Mamer dripu, na mpira mwembamba puani wa kutoa yaliyojaa tumboni. Nesi Akuwam, Mturkana mrefu mwenye sauti nzito, alimweleza Nyibol kwamba utumbo wa mtoto umelazwa usingizi na ile dawa. Maji yalikuwa bado yanamtoka mwilini vilevile, ila sasa yalikuwa yanakusanyika humo ndani, pamoja na uchafu wa ugonjwa. Utumbo ukiamka, atapona. Usipoamka, atakufa, na dalili ya kwanza ya kuamka ni kutoa upepo. Kila alipopita alimsalimu Nyibol kwa Kiturkana, kisha akauliza swali moja.

"Ejok, mama. Amejamba?"

Mwanzoni Nyibol alidhani anachekwa. Baadaye wodi nzima iliuliza, kuanzia akina mama wa vitandani mpaka mwenye kufagia. Mama mmoja wa Todonyang, aliyekuwa akimuuguza mjukuu, alikuja kumwombea Mamer, na wote wakafumba macho. Katikati ya maombi Mamer akajamba, kwa nguvu, kama mtu mzima.

"Amina," Akuwam akasema.

Walicheka mpaka wakashikana. Mara Mamer akaendesha, mapaja yote ya Nyibol yakalowa, na Nyibol akakaa hivyo hivyo, analia, hataki kupanguswa. Mpira ulipotolewa, Akuwam alileta kikombe cha ule ule unga na kijiko. Nyibol hakuuliza kama unafunga.

Wale wa wakati ule wametawanyika. Céline alipata safari ya ng'ambo, Kon alirudi kwao. Nyibol bado yuko kambini, na anawakumbuka wote, hata huyo Kon. Lakini akisikia mama kwenye foleni ya bomba anaulizia dawa ya kufunga tumbo la mtoto, anaacha mtungi wake kwenye foleni, anamshika mkono, na maneno mengine yote anamwambia wakiwa njiani kwenda kliniki.