Mikate ya Safari

Kila Juni ni yaleyale: serikali inataka kujua ni wanaume wangapi wa jimbo la Mayo wanaovuka bahari kwenda Uingereza kuvuna, na anayetumwa kuuliza ni Konstebo Garrett Shine. Mwaka jana aliandika sita. Stesheni wakapanda thelathini! Safari hii mkubwa wake alimwambia waziwazi: ukikosea tena, unahamishiwa Kerry, mbali kabisa na hapa. Na huko Kerry, masikini, hakuna Sabina Ruddy.

"Hapa haendi mtu, afande," Mama Gaughan alimwambia mlangoni, macho makavu kabisa. Alikuwa na wana wanne. "Uingereza? Tukafanye nini huko?"

Huyo naye! Mwenye ardhi akinusa tu kwamba mtu ana mshahara wa Uingereza, anapandisha kodi. Nani angesema kweli?

Shine alikwishageuka aondoke, amekata tamaa, ndipo akaona mikate minne ya oti imesimamishwa mbele ya moto ikauke. Mkate ule haupikiwi mtu wa kukaa nyumbani. Ni wa safari, hukaa wiki kadhaa bila kuharibika, na kila msafiri ana wake.

"Mikate mizuri, mama."

"Ya kuku," akajibu mama yule bila haya.

Basi Shine akapita nyumba kwa nyumba akiomba maji ya kunywa, jicho lake kwenye moto. Tumbo lilimjaa maji, na hesabu ikafika thelathini na moja. Jina hakuandika hata moja.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Sabina, aliyeishi na mamake tu. Mbele ya moto, mkate mmoja.

"Unaondoka, Sabina? Bila hata kuniaga?"

"Mimi? Niende wapi?"

"Sasa huu wa nani?"

Sabina akaona haya, kisha akapandwa na hasira. "Wako, mjinga wewe! Si wanasema unahamishwa? Nikaona usije ukafa njaa njiani."

Shine akacheka mpaka kofia ikamdondoka. "Sihami ng'o! Hesabu ninayo."

"Umeambiwa na nani?"

"Sijaambiwa na mtu. Nimekunywa maji tu."

Sabina hakuelewa, wala hakujali. Akauchukua mkate, akauvunja kwa goti, akampa nusu.

"Basi kaa, tuule hapahapa."