Kibao cha Kifaransa

Kwenye somo la Kifaransa, ukitamka neno la Kiswahili unavishwa kibao. Ni kipande cha mbao chenye kamba, kinaning'inia kifuani, na hakikutoki mpaka umnase mwenzako naye kateleza. Atakayekuwa nacho siku ya wazazi anasimama nacho mlangoni, kila mzazi akipita amwone.

Mimi nilikipata Jumatatu. Malkia, kiranja wetu, alinibana vidole kwa mfuniko wa dawati. Haikuwa bahati mbaya. Alinitazama usoni kwanza, ndipo akabamiza.

"Mama yangu," nikasema.

"Elle a parlé swahili, madame," akasema Malkia. Kasema Kiswahili huyo. Na mfuniko hata hajauinua.

Nilimwonyesha mwalimu vidole. Akavitazama, akajibu kwa Kifaransa, polepole ili wote tuelewe, kwamba humu hata maumivu yana Kifaransa chake. Kibao kikaja shingoni. Mapumziko wakanizunguka: "Bubu leo kanena, na kanena vibaya." Bubu ndiye mimi.

Siku ya wazazi ilikuwa Ijumaa. Mama alishaomba ruhusa kwa msimamizi wake kiwandani, ruhusa ya kwanza tangu aanze kazi, na gauni alishalipiga pasi. Ningemwambia nini mlangoni? Kwamba nimevikwa ubao kwa sababu nilimwita yeye?

Nikaapa Malkia atakivaa. Dawa ya moto ni moto.

Mazoezi niliyafanyia kwa bibi, ambaye goti halimpi raha. Nikawa namkanda kwa maji ya moto huku nauliza.

"Bibi, goti linaumaje?"

"Linauma kama goti."

"Hapana, bibi. Linachoma, linavuta au linapwita?"

"Mke mwenzangu, leo umekuwa daktari?" Akafikiri. "Asubuhi linachoma. Nikiinuka linavuta. Nikilala sasa, linapwita kama lina moyo wake."

Nikatafuta kitabuni. Ça brûle, linachoma. Ça tire, linavuta. Ça lance, linapwita. Bibi akalijaribu la mwisho, akacheka mpaka meno ya bandia yakataka kumtoka. "Waambie hao Wafaransa goti langu halijaenda shule."

Alhamisi Malkia alikuja na viatu vipya, anavilainisha kwa ajili ya kesho yake. Anatembea kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto. Nikaona soksi yake imelowa damu kisiginoni, mguu wa kulia.

Zoezi la siku hiyo lilikuwa daktari na mgonjwa. Daktari haachi kupima mpaka mgonjwa aeleze maumivu yake kwa namna tatu. Malkia akajitokeza kuwa mgonjwa, maana mgonjwa ndiye anayetazamwa. Mwalimu akauliza nani daktari. Nikanyoosha mkono. Watu wakageuka.

Nikapiga magoti, nikamvua kiatu. Akataka kuuvuta mguu, nikaushika.

"Où avez-vous mal?" Unaumwa wapi? Sauti ilitoka, sijui nilikuwa nimeificha wapi.

"J'ai mal au pied." Naumwa mguu. Alisema huku analitabasamia darasa.

Nikaweka kidole gumba juu ya lengelenge. "Ici?" Hapa?

Tabasamu likaisha. "J'ai mal." Naumwa.

"Comment?" Unaumwaje? Nikakandamiza kidogo. Neno alilolihitaji ninalo, ça brûle, ningeweza kumnong'oneza. Sikumnong'oneza.

"J'ai mal. J'ai mal."

Hakuwa na lingine. Mwalimu akampungia kalamu aendelee. Nami nikaendelea, nikabonyeza kwa kucha ile ile iliyovilia damu Jumatatu.

"Niache wewe, unaniumiza. Mama!"

Nikavua kibao, nikamvisha mwenyewe. Kamba ilinasa kwenye nywele zake nikainasua taratibu, kama muuguzi.

"Elle a parlé swahili, madame."

Ijumaa mama alifika na gauni lake. Pale mlangoni akapunguza mwendo.

"Maskini, mtoto wa watu. Kafanya nini huyu?"

"Alimwita mama yake," nikasema, kwa sauti ya kumfikia Malkia.

"Ndo kosa?"

"Ndo kosa."

Mama akataka kurudi ampe pole. Nikamshika mkono kwa vidole vyangu vyenye kucha nyeusi, nikamwambia twende, viti vya mbele vinajaa.