Ng'ombe wa Udongo wa Mkufunzi Filemoni

Kalista alikuwa amekaa nyuma ya darasa na wanachuo wenzake, wote wakijifunza ualimu wa watoto wasioona. Mbele yao, mtoto Malimi amesimama mezani, mikono ameificha mgongoni kama aliyeambiwa hapo pana moto.

Moto haukuwepo. Walikuwepo ng'ombe wa udongo, wabichi bado, nundu zao na pembe zao. Mkufunzi Filemoni huwafinyanga mwenyewe kila mwaka watoto wanapoletwa chuoni Iringa kupimwa kabla ya kupokelewa shule ya wasioona. Huwaambia wanachuo kwamba asiyeona apewe kitu cha kwao, akipapase. Mtoto wa Kibena mpe mahindi. Huyu Msukuma wa Usangu, mtoto wa wafugaji, utampa nini kama si ng'ombe?

"Haya Malimi, hesabu. Ng'ombe wangapi?"

Malimi alimpapasa mmoja mgongoni, akatabasamu, kisha akairudisha mikono nyuma. Akaulizwa tena na tena. Kimya. Filemoni akawageukia wanachuo, akawaambia wajionee wenyewe: haoni, na akili nayo haimo. Shule haina nafasi za kuchezea, arudi kwao.

Hayo aliyasema baba wa mtoto akiwa palepale mlangoni. Mzee Maganga aliinamisha kichwa tu, fimbo kwapani. Kalista akainuka bila kuomba ruhusa, akaenda kuchuchumaa mbele ya mtoto, akamuuliza taratibu mbona hahesabu.

"Ng'ombe hawahesabiwi, dada," Malimi alinong'ona. "Ukiwahesabu wanakufa. Baba atanichapa."

Wanachuo wakacheka. Filemoni naye akacheka, akasema udongo haujawahi kufa. Akamwamuru Kalista arudi akakae, mambo ya mazizini hayaingii kwenye kipimo.

Kalista hakurudi. Alimchukua dume mmoja wa udongo, akamminya kiganjani mpaka nundu na pembe zikapotea, akamviringisha akawa donge. Akamchukua na wa pili. Kicheko kikakatika. Alipowamaliza wote, aliushika mkono wa mtoto akauweka mezani.

"Sasa ni matope tu. Hesabu."

Malimi akayahesabu madonge yote bila kukosea, kisha akayarudia kwa Kisukuma, kwa raha zake.

"Umeharibu kipimo cha chuo," Filemoni alisema. "Cheti chako sijui utakipatia wapi."

"Mkufunzi, ulimpima kama anamtii baba yake. Alifaulu tangu mwanzo, wewe ukamwita hana akili."

Filemoni akaandika kwamba Malimi amepokelewa, kalamu ikikwaruza karatasi kama kucha.

Hapo Mzee Maganga akakohoa. Alisema anashukuru sana. Ila mwaka jana, hapahapa, alirudishwa Mbuke, binti wa kaka yake, naye haoni. Waliambiwa akili hana. Tangu siku hiyo wanamfungia ndani wakienda shamba, kwa kuwa wasomi ndio waliosema.

"Alipimwa kwa kitu gani?" Kalista aliuliza, ingawa alishajua.

"Ng'ombe, mwalimu."

Kalista akamgeukia Filemoni, udongo umemjaa vidoleni.

"Nani anakwenda Usangu kumleta Mbuke?" akauliza. "Maana mimi sikai chini mpaka nisikie jina la atakayekwenda."