Nani Abonyeze Enta

Fundi seremala alikuwa ameshaingia na futi yake ya chuma, anapima ukuta wa nyuma huku akipiga mluzi. Mimi na dada yangu tulikuwa mbele ya kompyuta kuukuu iliyokuwa imetukodolea skrini nyeusi. Juu yake kulikuwa na mstari mmoja tu wa maandishi meupe, ukisema haioni diski ya kuwashia.

Dada alikuwa mwalimu wa kompyuta wa shule hii, na chumba hiki ndicho kilikuwa darasa lake. Mashine zilitolewa na ofisi iliyozichoka, ambayo kabla ya kuzitoa iling'oa diski zote. Tangu zifike, wanafunzi walikuwa wakijifunza kibodi kwa kuchorewa ubaoni, wanabonyeza chaki. Mwalimu Mkuu, mama mrefu asiyependa maelezo marefu, alichoka kuziona zikila vumbi, akaamua chumba kiwe stoo ya viti vibovu. Alimpa Dada nafasi ya mwisho: kengele ya mapumziko ikilia bila hata mashine moja kuwaka, seremala aanze kupigilia rafu. Chumba kikiondoka, somo linaondoka, na Dada naye anafungasha.

Ndiyo maana nilikuwa pale na laptopu yangu begani, nimevaa shati la kutokea kabisa, maana nilikuja kushinda.

Mpango wetu ulikuwa mtamu. Kama mashine hazina diski, tuzipe flashi. Lakini flashi ya kuwashia kompyuta huipati kwa kuburuta mafaili kama unavyomnakilia rafiki nyimbo. Unatengeneza kwanza taswira, yaani faili moja kubwa linalobeba diski nzima: mfumo, programu, masomo, na ile sehemu ndogo ya mwanzo inayoiamsha mashine. Hakuna vitufe vya rangi wala vidirisha. Unafungua skrini nyeusi, unaandika mistari yako: chukua mfumo huu, weka kamusi hii, weka masomo haya, funga. Unabonyeza Enta, na maandishi yanaanza kuporomoka kama mvua kwenye bati. Mimi napenda kazi hiyo kuliko chakula. Mtu anaandika neno na neno linakuwa kitu.

Nyumbani taswira yetu iliwaka safi kwenye laptopu yangu. Tuliijaribu tena na tena na kila mara iliwaka, nikatamba hadi mama akaniambia nipunguze, majirani wamelala mchana. Sasa hapa, mbele ya seremala, kimya.

“Hiyo televisheni yenu haishiki stesheni?” aliuliza seremala.

Nilitaka kumjibu vibaya. Dada akanibana mkono. Kila mtu nyumbani ananiita Kiberiti, na yeye ndiye aliyenipa jina hilo.

Aliinama, akausoma ule mstari mara mbili, akaanza kucheka peke yake. Nilimuuliza kinachomchekesha ni nini. Akasema tumejipendelea. Laptopu yangu ni ya juzi na inaamka kwa njia mpya. Hizi mashine ni bibi zake, zinajua njia ya zamani tu. Taswira yetu ilibeba njia mpya peke yake, na kwa sababu niliringia laptopu yangu, hatukuwahi kuijaribu kwingine. Programu ile ile inaweza kufunga njia zote mbili ndani ya taswira moja. Ni neno moja la kuongeza kwenye amri.

“Neno moja?” nikasema.

“Neno moja, mdogo wangu. Kimbia.”

Umeme wa chumba ulikuwa kwenye soketi moja mbovu iliyokuwa ikishikilia bibi yetu, kwa hiyo nilichomoa kila kitu kwenye laptopu nikakimbilia ofisi ya walimu. Taswira na masomo yote vilikaa kwenye diski yetu ya nje, maana laptopu ilikuwa imejaa. Nikaichomeka diski, nikaongeza lile neno, nikaisoma amri mara moja, nikabonyeza. Maandishi yakaporomoka. Walimu wawili waliokuwa wakisahihisha daftari waliacha kalamu wakasogea kuangalia. Mmoja aliuliza kama nimeiba siri za serikali. Nilimwambia naoka shule nzima ndani ya faili, akae mkao wa kula. Asilimia zilipanda, zikasimama kidogo kunitia presha, zikapanda tena, na mwisho ukatokea ule mstari mfupi mzuri kuliko yote duniani: imekamilika.

Nilirudi mbio, laptopu imefunguliwa mikononi kama sinia, diski ikining'inia kwenye waya wake. Dada alikuwa chini ya meza amelala ubavu, ameishikilia plagi kwa mikono miwili, kwa sababu soketi ilikuwa imelegea na akiiachia tu mashine inazima. Nikachomeka flashi, nikaita orodha ya diski kwenye skrini kwa mazoea tu. Kuandika amri mpya niliona ni kupoteza muda. Nikabonyeza mshale wa juu mara kadhaa, na laptopu ikanirudishia amri niliyoitumia nyumbani kuhamishia taswira kwenye flashi. Ile ile, haina hata nukta ya kubadilisha. Kidole kilikuwa tayari kiko juu ya Enta.

Hapo kengele ikalia, na Mwalimu Mkuu akaingia.

“Nabonyeza,” nikasema.

“Hubonyezi,” ilisema sauti ya Dada kutoka chini ya meza.

Sheria hiyo ni ya mama. Yeye ni fundi cherehani, na katika kibanda chake aliyepima kitambaa hakikati yeye. Anampa mkasi mwingine, naye huyo lazima aulize kabla ya kukata. Sisi tuliihamishia kwenye kompyuta. Amri ya kutengeneza taswira ukiikosea unairudia tu, hiyo kila mtu hujibonyezea. Amri ya kuiandika kwenye diski ni mkasi: inafuta chochote ilichokikuta huko, na haiulizi. Hiyo anayeiandika habonyezi.

Nilimwambia Dada kengele imeshalia, yeye ameshika plagi, atabonyeza nani, seremala? Seremala akasema yeye yuko tayari, mradi asilipishwe. Dada akamwomba Mwalimu Mkuu, kwa heshima zote na shavu lake likiwa sakafuni, asogee abonyeze yeye.

“Mimi nije kufunga chumba, halafu niwafanyie kazi?” alisema Mwalimu Mkuu. Lakini alisogea. Nadhani hakuwahi kuombwa kitu na mtu aliye chini ya meza.

Dada alimwelekeza kutoka huko huko. Asome kwanza amri inapelekwa wapi. Halafu atazame orodha ya diski iliyo juu yake, aone hiyo ina ukubwa gani. Halafu anidai nimwonyeshe kitu chenyewe kwa kidole.

Mwalimu Mkuu alivaa miwani yake taratibu kiasi cha kunitoa jasho. Akasoma kwamba taswira inaandikwa kwenye diski b. Akapandisha macho kwenye orodha. Diski b, akasema, ukubwa ni gigabaiti mia tano.

“Nionyeshe hiyo b.”

Nikaonyesha flashi kwa kidole, bila hata kuitazama.

Akainama, akaisoma. “Kijana, hii imeandikwa kumi na sita.”

Mluzi wa seremala ulikatika. Nikaiangalia orodha upya. Diski ya laptopu yenyewe ni a, na nyingine hupewa herufi kwa kufuata zilivyochomekwa. Nyumbani huwa nachomeka flashi kwanza, kwa hiyo flashi ndiyo huwa b. Leo, kwa haraka ya ofisini, nilichomeka kwanza diski ya nje. Diski b ilikuwa ile yenye masomo yote na taswira yenyewe. Ningeiagiza taswira ijimeze, na masomo iyashushie hapo hapo.

“Kuna nini?” Dada aliuliza.

“Nyumbani flashi ilikuwa b,” nikasema. “Hapa ni c.”

Dada akasema kutoka chini ya meza, bila kupandisha sauti, “Badilisha. Mwalimu asome tena.”

Nikabadilisha herufi moja. Mwalimu Mkuu akasoma tena, akauliza tena, nami safari hii nikaiinua flashi mbele ya miwani yake. Akanyoosha kidole chenye chaki akabonyeza Enta, na taa ndogo ya flashi ikaanza kukonyeza.

Ilipotulia nikaichomeka kwenye bibi na kuiwasha. Feni ilikohoa. Skrini ikawa nyeusi, ikabaki nyeusi, na seremala akajikohoza. Kisha herufi moja nyeupe ikaruka pembeni, ikaja ya pili, ikaja mistari, ikaporomoka skrini nzima, na mara rangi ya buluu ikafunguka pale, na jina la shule katikati, kubwa, kama tulivyoliandika.

“Imewaka?” Dada alipiga kelele. “Jamani niambieni, mimi naona miguu tu.”

Nilimwambia imewaka. Nilimwambia mara nne au tano, nikiruka, hadi shati la kutokea likachomoka kwenye suruali. Mwalimu Mkuu alifungua kamusi, akatafuta neno, akalipata, akatafuta lingine. Wanafunzi walikuwa wameshajazana dirishani, pua kwenye vioo.

Hatimaye akamgeukia seremala na kumuuliza kama mbao zile za rafu zinaweza kutosha meza. Seremala akapima hewa kwa macho, akasema zinatosha, ila hii soketi lazima aje fundi umeme, dada wa watu hawezi kufundisha akiwa amelala.

Nilinyoosha mkono kuichukua flashi nyingine. Mwalimu Mkuu alikuwa ameshavuta kiti, amekaa mbele ya laptopu yangu, miwani puani.

“Andika ya pili,” akaniambia. “Mimi nabonyeza.”