Nyasi za Bonde Lililofukiwa

Asubuhi hiyo Norjmaa alikuwa amepiga magoti juu ya shimo la dhahabu lililofukiwa, akisukumiza mbegu za pakanga, mmea mchungu wa nyika, ardhini kwa kidole gumba. Upepo ulikuwa mkali, kwa hiyo alijifunga skafu hadi puani. Kampuni ilikuwa imekwisha kuchimba dhahabu yote ya bonde lile, na sasa ilitakiwa kurudisha malisho yalivyokuwa. Mwaka wa kwanza ilileta malori ya mbegu za kigeni. Ziliota kijani kama ukuta uliopakwa rangi, zikafa kabla ya theluji. Ndipo ikawaajiri wafugaji wa zamani wa hapohapo, wakakusanye mbegu za vilimani: pakanga, vitunguu mwitu na nyasi ndefu zinazopendwa na mbuzi.

Mvua za Julai zilipopita, mbegu ziliota kwa miduara. Nje ya miduara kulibaki kifusi kitupu. Kila mduara ulikuwa na upana wa geri, hema la sufi la wafugaji, pale pale liliposimama kabla ya mgodi, na upande wa kusini uliacha nafasi ya mlango. Katikati, palipokuwa na jiko, hapakuota kitu.

"Huu wa Lkhamsuren," alisema Sodnom, kaka wa marehemu mume wa Norjmaa, akipita na toroli. "Tazama ulivyopinda. Mvivu yule, hata hema lake halikuwahi kusimama sawa!"

"Wangu uko kule, shemeji. Nimeshauona."

Mchana alikwenda kula ndani ya mduara wake. Alivuka mahali pa kizingiti bila kupakanyaga, maana ni mwiko, akaenda kulia, upande wa wanawake. Vitunguu mwitu vilikuwa vimeota mahali pa sanduku la vyombo. Karibu na jiko, pale alipokuwa akimlaza bintiye Khulan, nyasi laini zilikuwa zikipanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala. Khulan alikufa akiwa na miaka miwili, katika baridi ile ambayo vumbi la mgodi liliingia hadi kwenye maziwa. Upepo ulipopuliza kifusi, nyasi zikakohoa. Norjmaa alizifunika kwa koti lake, akamalizia chai.

Mhandisi Davaajav, kijana wa mjini, alifika na kamba ya kupimia. Kwenye nafasi ya mlango alisita, akapaza sauti kama afanyavyo kila mgeni: "Shikeni mbwa!"

"Mbwa alishakufa," Norjmaa alimjibu. "Ingia tu, mwanangu."

Davaajav aliingia, akachuchumaa. "Mama, kampuni ilisema bonde hili halikuwa na mtu."

"Ndiyo, ilisema."

"Sasa mkaguzi akija nimwambie nini?"

"Mwambie asikanyage kizingiti."

Mkaguzi wa serikali, Jambal, alikuja Septemba kutoka mji mkuu, Ulaanbaatar. Alikuwa mtu mzima, mtoto wa wafugaji, na hakukanyaga kizingiti. Aliketi kaskazini, nafasi ya mgeni, akapokea bakuli la chai ya chumvi kwa mkono wa kulia. Norjmaa alikuwa amejiandalia maneno mengi. Yalimtoka kwa mkupuo.

"Hapa ni kwangu. Tulitolewa na matingatinga, halafu tukaambiwa hatukuwepo. Huyo anayekohoa ni mwanangu. Nataka iandikwe, na nataka turudi."

Jambal aliweka kiganja juu ya nyasi na kungoja mpaka kikohozi kikatulia.

"Mtoto mzuri," alisema. "Lakini mimi nimetumwa kupima mimea, dada. Mimea ipo, ni ya hapahapa, na mizizi imeshika."

"Na sisi?"

"Ninyi sikutumwa kuwapima."

Alikunywa chai yote, akashukuru. Alipima ndani ya miduara, kwani hakuna aliyemwomba apime nje, akaandika kwamba malisho yamerudi. Wiki ileile kampuni ilizungusha uzio ili mifugo isiharibu kazi. Kwa sifa ya kazi hiyo ikapewa bonde la pili ilichimbe, ambako Sodnom na wengine walikuwa wamehamia walipofukuzwa.

Watu wa bonde la pili hawakupiga kelele safari hii. Walikuwa na shughuli. Wanawake walisogeza masanduku ya vyombo, kila mmoja mahali ambapo angependa vitunguu viote. Bibi mmoja aliyekuwa akigombana na mkwewe alikihamisha kitanda chake mbali na cha mkwe huyo, akakikalia siku nzima. Waliokuwa na wachanga waliwalaza mahali pasipo na upepo.

Lori la kuhamisha lilipofika kwa Sodnom, vitu vyote ndani ya hema vilikuwa vimefungwa isipokuwa kitanda. Sodnom alikuwa amelala juu yake chali, mikono imenyooka. Norjmaa alikuwa amesimama karibu naye, ameshika kamba za kufungia.

Dereva alipiga honi. "Mzee, twende! Wenzako wananingoja!"

"Subiri, we! Ardhi bado haijanishika vizuri."

Norjmaa alitikisa kichwa.

"Geukia ukutani, shemeji," alisema. "Wewe hulali chali."

Sodnom akageuka, akakunja magoti. Dereva akazima injini.