Swichi ya Sita

Phidalia alipoligeuza bati na kuona alichofanya, alicheka peke yake mpaka machozi yakamtoka. Alikuwa ametoboa matundu sita ya swichi kwa kufuata mchoro wake, na mchoro aliuchora kwa upande wa ndani, kule nyaya zinakopita, kama wafanyavyo mafundi wote wa visanduku hivi vya kuwashia pedali za gitaa kwa mguu, pale mtaani Laitumkhrah. Sasa ukiliweka bati likae sawasawa, swichi ya kwanza imekwenda kulia na ya mwisho imekuja kushoto. Hakuna fundi katika mji mzima wa Shillong ambaye hajawahi kuingia mkenge huo, na anayesema hajawahi ni mwongo.

"Si kitu. Miguu yangu itazoea," alisema.

Kitbok, mwimbaji na kiongozi wa bendi yao, alikuwa amekaa juu ya gunia la mchele akitafuna tambuu. Wawili hawa walianza kupiga muziki pamoja tangu shuleni, kwa gitaa moja walilopokezana. Phidalia alinyoosha mkono akauingiza kwenye mfuko wa koti la Kitbok, akatoa tambuu bila kuomba. Ndivyo walivyoishi.

"Toboa bati jingine, Kong," Kitbok alisema, akimwita dada kwa Kikhasi, kama naye alivyomwita Bah, yaani kaka.

"Jingine? Bah Kit, una wazimu? Hili nimelipiga msasa mpaka vidole vimekufa ganzi."

"Namba moja ianzie kushoto, kama watu wanavyosoma. Ukichanganyikiwa jukwaani Kolkata, utanilaumu nani?"

Phidalia hakuwa amewahi kuchanganyikiwa jukwaani hata siku moja. Lakini mtu akikuhurumia miguu yako, nani atakaa kumhoji? Alitoboa bati jingine.

Safari ya Kolkata ndiyo iliyokuwa imewashika roho wote. Tamasha kubwa, jukwaa la kweli, na kwa mara ya kwanza watu wasiowajua wangesikia nyimbo ambazo Phidalia alizitunga akiwa amejifunika blanketi, mvua ikipiga juu ya mabati. Shida ilikuwa pedali zake. Alikuwa nazo tano, zimepangwa sakafuni: moja ya kukwaruza sauti ya gitaa, moja ya mwangwi, moja ya kuitetemesha, na mbili za kazi nyingine. Wimbo ukigeuka katikati ilimbidi azime mbili na kuwasha tatu kwa mpigo, akirukaruka kama mtu aliyekanyaga siafu. Kisanduku kingemaliza dhiki hiyo. Kila swichi ilikuwa wimbo mmoja. Unakanyaga mara moja tu, sauti ya gitaa inapita kwenye pedali ambazo wimbo ule unazitaka, inaziruka nyingine, inatoka kwenye spika. Njia zote hizo alizipanga mwenyewe. Kila waya alijua unatoka wapi na unarudi wapi, na waya wa ethi, ule wa kutuliza umeme, aliupitisha peke yake pembeni ili sauti isikorome.

Kitbok alikuja kila jioni kuangalia, na kila alipokuja alikuwa na neno.

"Zitenganishe swichi kidogo. Zimebanana."

"Mimi napiga nikiwa na soksi, we hunijui? Nataka nizisikie kwa vidole."

"Kolkata si sebuleni kwenu, bana. Tutakununulia mabuti."

Akazitenganisha. Siku nyingine Kitbok akaja na kopo la rangi nyeupe na brashi nyembamba, akapiga magoti, akaandika jina la wimbo chini ya kila swichi, kwa mwandiko wake ule mzuri wa kualika watu harusini. Phidalia alimtazama na moyo ukamjaa. Alijiona mtu mwenye bahati, mtu mwenye ndugu.

"Na ya sita?" Kitbok aliuliza, brashi ikiwa hewani.

"Iache. Hiyo ni yangu."

Swichi ya sita ilikuwa ya wimbo mpya. Alikuwa akiutunga kimyakimya, wimbo wa gunia la mchele na gitaa moja la watu wawili, na alipanga kuwapigia wenzake jukwaani kulekule Kolkata, ili Kitbok ausikie mbele za watu na akose pa kuficha uso.

Jumamosi alikifunga kisanduku kwenye shali ya sufu, akakipakata kama mtoto, akapanda mlima hadi nyumbani kwa shangazi yake Kitbok, walikokuwa wakifanyia mazoezi. Alipofungua mlango alimkuta kijana asiyemjua amesimama mahali pake, gitaa begani, mabuti makubwa miguuni. Dondor, mpiga ngoma wao, alikuwa anakaza skrubu ya ngoma ambayo ilikuwa imekwisha kukazwa.

"Kong, huyu ni Wallam," Kitbok alisema harakaharaka. "Kaa kwanza, tuongee."

Lakini Wallam, ambaye hakuna aliyemwambia kwamba anyamaze, alikwisha kuchuchumaa kufunua shali. Uso wake ukang'aa.

"Lo! Kazi hii! Kong, hapa umeua. Na nafasi umeacha ya kutosha. Nilimwambia Bah Kit mapema, mimi miguu yangu ni mitumbwi, swichi zikibanana nakanyaga mbili. Na nyimbo zimeandikwa! Mimi nilijua nitakariri wiki nzima."

Phidalia alibaki amesimama. Mabuti. Namba moja kushoto. Majina. Vyote vilimjia pamoja.

"Tangu lini?" aliuliza.

Kitbok alikuna shingo. "Mjomba wake ndiye mwenye tamasha. Bila Wallam, Kolkata hakuna, si kwako si kwangu. Ningefanyaje?"

"Nimeuliza tangu lini."

"Kabla ya kisanduku," Dondor alijibu, macho yakiwa bado kwenye skrubu.

"Wewe nyamaza!" Kitbok alifoka, kisha akapunguza sauti. "Jina lako litatajwa, Kong. Naapa. Nyimbo ni zako, kila mtu atajua."

"Ukaandika majina yale ili nisichanganyikiwe."

"Wewe hujawahi kuchanganyikiwa," Kitbok alisema, na kwa mara ya kwanza jioni ile alikuwa anasema kweli.

Hasira ilimpanda Phidalia mpaka masikio yakawaka moto. Nyundo ilikuwa pale pale, karibu na ngoma. Lakini aliiona hadithi itakayofuata, mwanamke mwenye wivu aliyevunja kisanduku, na alijua Kitbok angeisimulia kwa utamu kila kwenye chai.

Wallam sasa alikuwa ameelewa. Alivua gitaa. "Kong, mimi niliambiwa umejitoa mwenyewe. Niliambiwa umechoka."

"Sijachoka."

"Basi mimi..."

"Vaa gitaa lako," alimkatiza. "Wewe huna kosa."

Alipiga magoti, akatoa bisibisi mfukoni, akafungua kifuniko. Wote walimtazama akihesabu nyaya kwa kidole. Alikata mbili za swichi ya sita, akaizungusha mpaka ikatoka, akaitia mfukoni. Kisha akafunga, akachomeka gitaa la Wallam, akabonyeza zile tano moja moja kwa mkono wake kuhakikisha kila moja inapita. Zilipita. Pale penye tundu la sita palibaki giza la duara.

"Hiyo ilikuwa ya wimbo gani?" Kitbok aliuliza.

"Si wa bendi yenu."

Alikuwa amekwisha kushika mlango Kitbok alipomkimbilia. Alikuwa amechukua sahani ya shaba ya shangazi yake, tambuu zimepangwa juu yake na chokaa pembeni, akaishika kwa mikono miwili, kama anavyopewa mtu aliyekuja kutembea. Hakuna mgeni anayetoka kwenye nyumba ya Wakhasi, wenyeji wa milima ile, bila tambuu. Phidalia aliitazama sahani. Kisha aliutazama mfuko wa koti la Kitbok, uliokuwa umetuna kama siku zote, umbali wa mkono mmoja tu.

"Chukua, Kong," Kitbok alisema. "Tafadhali."

"Mpe mgeni wako," alijibu, ingawa alijua kwamba mgeni aliyeletewa sahani ile sasa alikuwa ni yeye.

Alishuka mlima mvuani bila shali. Nyuma yake swichi ya kwanza ilikanyagwa, ile ya kushoto, na wimbo wake ukaanza. Alisimama asikilize kama kisanduku kitakoroma. Hakikukoroma hata kidogo. Kazi ilikuwa safi kabisa, na hapo ndipo alipolia.