Kitanda cha Phelister

Kubadilishana wanafunzi ni jambo jepesi kwenye karatasi. Unguja itoe msichana mmoja, Nairobi itoe mmoja, kila mmoja alale kitanda cha mwenziwe mwaka mzima, asomee ualimu, ale kinachopikwa, kisha arudi kwao salama. Waliobuni mpango huo wa mwaka 1958 walikuwa watu wa ofisi, na hawakuandika popote la kufanya mmoja wao akifiwa.

Lela alitoka Ng'ambo, Unguja, akashuka meli Mombasa na gari moshi Nairobi, akapokewa Makongeni katika nyumba za wafanyakazi wa reli. Mwenyeji wake, Caleb Owino, alikuwa fayaman, mtu wa kulisha makaa injini, na mkewe alikuwa Benta. Binti yao, Phelister, alikuwa amekwisha kwenda Unguja kulala kitanda kimoja na Bibi Mishi, nyanya yake Lela, aliyemlea tangu mama yake alipofariki akimzaa. Kwa hiyo walipishana tu, kama treni mbili stesheni. Lela alipewa kitanda cha Phelister, chuma kitupu chenye godoro la pamba, nyuma ya pazia la maua mekundu.

Siku ya kwanza alimwinamia Owino akasema, "Shikamoo, baba." Owino akakuna kichwa, akamtazama mkewe, kisha akajibu kwa heshima zote, "Na wewe pia, shikamoo." Lela alitaka kucheka akajizuia. Tangu siku hiyo wakawa wanashikamoana kila asubuhi, mkubwa na mdogo, bila ya yeyote kutoa marahaba, na nyumba haikuanguka.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ndivyo tusemavyo. Kwa Benta jembe lilinyimwa mwezi mzima. Lela akishika ndoo kwenda bombani, ananyang'anywa. Akishika ufagio, ananyang'anywa. Jumamosi Benta alikuwa akimbeba kuku kwapani, mzima, anatembea naye mpaka Majengo kwa mzee mmoja Mwislamu aitwaye Muhidin, akachinjiwe kwa bismillahi, kisha anarudi naye kwa miguu. Hakumwambia Lela. Lela alijua kwa sababu siku moja kuku alimponyoka barabara ya Doonholm na wanawake wa nyumba zote za mstari wao wakasimulia juma zima.

Mwezi wa pili alipewa ndoo. Mwezi wa tatu alikuwa anasonga ugali, vibaya, na Benta anausonga upya akidhani Lela haoni. Benta akimwita, yeye huitika, "Naam, Mama." Aliitika vizuri, kwa adabu. Lakini ile "abee" ya nyumbani, ile ya mtoto anayeitwa na mwenyewe, alikuwa ameiacha Ng'ambo. Hakuwahi kumwitikia mtu mwingine hivyo ila Bibi Mishi, na hakuona haja ya kuisafirisha.

Telegramu ilikuja Alhamisi mwezi wa tano, Lela akiwa amekaa kwenye kigoda anachambua mnavu. Ilitoka kwa mjomba wake, Zubeiri. BIBI AMEFARIKI JANA. AMEZIKWA. TULIA USOME.

Akaisoma mara mbili. Akaikunja, akaitia chini ya sinia, akaendelea kuchambua. Majani mazuri huku, vijiti kule. Alisubiri kitu kimpande kifuani, hakikupanda kitu. Alipomaliza fungu zima ndipo akasema, kwa sauti ileile ya kuulizia chumvi, "Mama, bibi yangu amefariki."

Benta akatupa mwiko. Mikono ikaenda kichwani, kifua kikajaa, kinywa kikafunguka. Kwao mtu hafi kimyakimya. Kwao anayekufa hupigiwa yowe mpaka kijiji cha tatu wajue, na mwanamke asiyelia msibani huulizwa alikosana na nani. Lela akaliona lile yowe linakuja, akaingiwa na hofu asiyoijua jina.

"Mama, tafadhali, usilie! Kwetu hatupigi kelele. Chozi ruhusa, yowe haramu."

Maneno yalikuwa ya Bibi Mishi mwenyewe, na ni kweli ndivyo alivyofundisha. Lakini tusiisingizie dini. Lela aliyasema kwa sababu aliogopa kwamba mtu baki huyu atalia, na yeye mwenye bibi atakaa pale na macho makavu, na watu wataona.

Benta akafunga kinywa. Akalimeza yowe lake zima kama mtu aliyemeza mfupa, akakaa chini, akasema, "Basi. Kama kwenu iko haramu, hapa pia iko haramu." Akatoka nyumba hadi nyumba akawakataza. Wanawake wa Makongeni wakaja kumpa Lela pole wakakaa sebuleni vifua mbele, midomo imebanwa, kimya, siku tatu. Hawakuwahi kufanya kazi ngumu kama ile. Mmoja alipoaga alisema pale mlangoni, "Mimi naumwa na kichwa," na hakuna aliyemwuliza kwa nini.

Lela yeye hakuumwa na chochote. Alikwenda chuoni, akarudi. Alifua, masizi ya injini yakaanguka kwenye kanga zilizoanikwa, akafua tena. Alikula samaki wa ngege aliyeletwa na Owino kutoka Kisumu, akatoa miba mmoja mmoja, akasema ahsante, na mtu angemwuliza dakika moja baadaye amekula nini asingejua. Aliswali akamwombea marehemu. Aliyatamka maneno yote sawasawa, wala hayakumgusa. Akajiona mbaya. Hata huko kujiona mbaya hakukumwuma, kulikuwa habari tu, kama kuambiwa leo kuna mawingu.

Chuoni mwalimu mkuu alimwita akampa fomu. Akitaka kurudi kwao, aitie sahihi na kuirudisha kabla ya Jumatatu ya juma la pili. "Ila ujue," akasema mwalimu, "mpango ni mtu kwa mtu. Ukirudi wewe, na mwenzako anarudishwa. Masomo yake yanakatika pale yalipofika."

Lela akaipeleka fomu nyumbani akaiweka juu ya kabati. Owino akaiona. Benta, asiyejua kusoma, akaambiwa. Wote wawili walijua maana yake. Katika mstari ule wa nyumba hapakuwa na msichana aliyewahi kuitwa mwalimu. Phelister alikuwa wa kwanza, na picha yake aliyopiga kwa gauni la chuo ilitundikwa ukutani juu zaidi ya picha ya arusi ya wazazi wake. Lakini hawakumwambia Lela neno. Walizidi kumpikia.

Naye alikuwa amekwisha amua, kama huko ni kuamua. Atarudi Unguja. Hakutaka hasa. Alifikiri tu kwamba mjukuu asiyeweza kulia walau akae kwenye mkeka wa hitima siku ya arobaini, auone ukuta wa chumba, aone kitanda. Huenda kilio chake kimebaki huko. Mambo ya Phelister aliyajua, akayapima, akayaona mepesi, kwa sababu siku hizo kila kitu kilikuwa chepesi.

Jumamosi kabla ya Jumatatu hiyo ikaja barua. Mwandiko wa Phelister, na juu ya bahasha: Mama na Lela. Owino alikuwa safarini, kwa hiyo Benta akamwekea Lela kigoda mlangoni penye mwanga, yeye akakaa sakafuni miguu imenyooshwa.

"Soma, nyathina," akasema. Mwanangu, kwa lugha yao. Alianza kumwita hivyo tangu telegramu.

Lela akasoma, neno baada ya neno, kama anavyosoma darasani.

"Mama na Lela. Nawaandikia kwa aibu. Bibi aliugua Jumatatu, homa, akakataa kupelekwa hospitali. Jumanne nilikaa naye kutwa nzima. Alikuwa haoni vizuri. Akaniita, Lela. Nikasema, Bibi, ni mimi Phelister. Akaniita tena, Lela. Mara ya tatu sikuweza kumkatalia. Nikasema, abee. Akasema, umechelewa, njoo ulale upande wa ukutani, mlangoni pana baridi. Nikalala upande wa ukutani. Lela, sijui kama ni dhambi. Nisamehe. Nilijibu mahali pako kwa sababu hukuwepo."

Lela akageuza karatasi.

"Alikufa alfajiri, nimemshika mkono. Mama, hapo nilisahau niko kwa watu. Nilitoka mbio mikono kichwani nikalia kama tunavyolia sisi, mpaka kisimani, mpaka barabarani. Mtaa mzima ulitoka. Shangazi yake Lela, Zaitun, akanishika akaniziba mdomo na kanga yake, akaniambia, nyamaza, haifai. Kisha akanitazama, akaitoa kanga. Akawaambia wenziwe, mwacheni. Mwenye kumlilia yuko mbali, na huyu yupo. Basi nikalia. Mama, usikasirike kwamba nimekutia aibu ugenini. Wanasema huenda mkaniita nirudi. Mkiniita nitakuja. Mimi mtoto wenu, Phelister."

Lela akaikunja barua kwa mikunjo yake ya kwanza. Macho makavu. Akainua uso, akamwona Benta ameshindilia pembe ya leso kinywani, shingo imemvimba, machozi yanamtiririka hadi kidevuni, na hakuna sauti inayotoka. Siku kumi alikuwa amelibeba lile yowe. Sasa lilikuwa mawili, la bibi na la binti yake aliyemlilia mtu baki peke yake katika nchi ya watu.

"Mama," Lela akasema, "toa leso."

Benta akatikisa kichwa.

"Toa, Mama. Bibi amekwisha liliwa kwa kikwenu, na shangazi yangu akaruhusu. Mimi nilikuzuia kwa uoga tu. Nililie, Mama. Mimi siwezi."

Benta akatoa leso. Akainuka, akavuka kizingiti, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Uuuwi! Uuuwi! Mama yangu!"

Milango ikafunguka mstari mzima. Wanawake wakamwagika na unga mikononi, na watoto mgongoni, mmoja na sabuni usoni. "Nani? Nani amekufa?" Na Benta, "Mama ya huyu mtoto! Mama yangu! Yule wa Unguja!" Hawakuuliza zaidi. Walikuwa nao wamelimeza lao siku zote hizo, wakalitoa papo hapo, jua la saa tisa, mbele ya nyumba ya Owino, hadi mafundi wa reli wakasimama na nyundo zao kutazama.

Kwao huwezi kumlilia mtu mtupu, lazima umtaje. Mmoja akamshika Lela bega. "Jina yake nani?"

"Mishi binti Abdurahim."

"Alipenda nini?"

"Halua. Na kuamka mapema kuliko jirani."

"Alichukia nini?"

"Paka."

Na vyote vikaingia kwenye kilio, halua na paka na jirani, kwa Kijaluo na Kiswahili chao cha Nairobi, wakizunguka, wakiita Mishi! Mishi! kuelekea njia ya reli. Lela alisimama katikati yao mikono imening'inia. Aliwasikia vizuri. Aliwashukuru moyoni. Lakini chozi, hata moja.

Walipochoka wakaketi, wakanywa maji, wakaondoka mmoja mmoja wakiwa wamepona. Yule wa maumivu ya kichwa alisema kichwa kimeacha. Benta akanawa uso. Kisha akapanda kwenye kigoda, akaitoa ile fomu juu ya kabati, akaleta na kalamu ya Owino.

"Weka mkono, nyathina," akasema. Sauti ilikuwa imemkauka. "Nenda kwa kaburi ya bibi yako. Phelister atarudi, hapana neno. Yeye iko na mama. Yeye nitamwona. Wewe hapana mtu ya kukuambia, fanya hivi. Basi mimi nakuambia. Weka mkono."

Akaiweka fomu mezani chini ya picha ya binti yake, wala hakuitazama picha, akaingia jikoni.

Lela akaishika kalamu. Aliitazama nafasi ya sahihi, mstari mmoja mweusi, mfupi. Akaitua. Akaenda nyuma ya pazia, akalala kwenye kitanda cha Phelister na viatu miguuni, uso ukutani. Ukuta ulikuwa wa baridi na ulinukia chokaa. Akafikiri juu ya msichana asiyemjua, aliyelala upande wake wa ukutani, akaitika jina lake ili kikongwe afe bila ya kusubiri. Hakufikiri lolote zaidi ya hilo.

Jikoni sufuria ililia, maji yalichemka, unga ulipigwa kwa mwiko. Benta alikuwa anasonga. Kisha, kwa sauti iliyokwaruzwa na kilio cha watu wawili, kama mtu yeyote anayemwita mtoto wake kula, akaita:

"Lela!"

"Abee," akajibu Lela.

Akajisikia alivyojibu. Akakaa kitako kitandani, akafunika mdomo kwa mikono miwili, na haikufaa kitu, kilio kilikuwa kimekwisha toka. Benta akaja na mwiko mkononi, unga hadi kwenye viwiko, akasimama penye pazia. Hakumwambia anyamaze.